Upande wa Ukuta

Pipeline, ghorofa ya sita, na lifti hakuna.
Aliyejenga alituachia shimo lake tu,
refu, jeusi, linameza mifuko ya takataka,
na mara moja kandambili ya kitinda mimba wa Syombua.

Kwa hiyo kila Alhamisi, kabla hakujapambazuka,
Jumuiya ya Mtakatifu Monika hupanda kwa Ondari.
Si kwa rozari.
Kwa kiti.

Kiti cha plastiki, cha buluu, tumekiazima hotelini chini,
mguu mmoja umefungwa waya.
Tunamkalisha. Kemunto, mkewe, anampitishia leso kifuani,
leso ambayo methali yake imefifia kwa kufuliwa
likabaki neno moja: SUBIRA,
na hata hilo ukilitazama kwa karibu
S haipo.

Ngazi mia moja na nane hadi barabarani,
kisha mkokoteni, kisha kliniki ya mazoezi.
Makokha mbele, Syombua mbele.
Nyuma, upande wa ukuta, Kigathi,
kwa sababu aliwahi kuanguka mjengoni Ruaka
na upande wa ukuta ndio mwepesi.
Nyuma, upande wa shimo, mimi,
ambako Ondari huegemea na nusu yake iliyokufa.

Nusu mtu ina uzito kuliko mtu.
Hili hawakunifundisha katekisimu.

Asubuhi hiyo, ghorofa ya tano, akafungua mdomo:
"Mko..."
Tukasimama. Kemunto akauliza, mkojo?
Akatikisa kichwa. Tukashuka.
Tukapisha kijana aliyepandisha mitungi miwili ya maji,
tukapita mlango wenye harufu ya mandazi,
mlango wenye redio, mlango wenye kofuli.
Ghorofa ya nne:
"...no."
Mkono. Mkono gani, mzee? Unauma?
Kwenye kona Syombua akasema, polepole, polepole,
kama anayemwambia ng'ombe.
Ghorofa ya tatu, ambako balbu haijawahi kuwaka,
neno likamaliza safari:
"wa... ko. Una... tetemeka."

Wangu. Aliniambia mimi.
Mtu aliyefungwa leso kitini, aliyesafiri ghorofa tatu
na sentensi moja mdomoni,
alikuwa ananibeba.

Labda ni giza. Mbele ya altare nisingesema.
Nikasema: sina kazi.
Bohari ilifungwa, wiki ya saba sasa.
Nyumbani hawajui. Kila siku natoka na mkebe wa chakula,
nakwenda kuula peke yangu nyuma ya kiwanda cha magodoro,
narudi saa ya watu kurudi.
Mchango wa jumuiya? Mkopo wa simu.
Jana usiku sikula, ili mkebe ujae.

Hakuna aliyesema pole.
Hakuna aliyetaja aya.
Kiti kilikuwa hewani bado, na kiti hakingoji.
Syombua akavuta kamasi, au ilikuwa baridi.
"Tueni," Makokha akasema. Tukatua.

Kigathi akazunguka, akasimama pangu.
"Hamia ukutani," akasema. "Mgongo wangu leo uko sawa."

Nimempigia magoti ubavuni huyu mtu miaka minne.
Naijua sauti ya uti wake anapoinuka baada ya sala,
ule mguno mdogo anaoumalizia kwa "amina"
tudhani ni ibada.
Nilijua.
Nilitaka kusema, hapana, niko sawa,
maneno niliyoyazoea kuliko jina langu.

Nikahamia.

Mungu atusamehe sisi wawili:
yeye kwa uongo,
mimi kwa kukubali kuuamini.

Zilibaki ngazi hamsini na nne.
Ukuta ulinichubua vidole, na kiti, kweli,
kilikuwa chepesi.
Nyuma ya sikio langu nikasikia mguno mdogo,
kisha "amina,"
na Ondari, ambaye hakuna aliyemuuliza,
akaanza neno jipya.